Fundi Anajibu: Kabla Hujaipasua Kompaila

Barua tatu kati ya nne za mwezi huu zimetoka kwa watu wa ukoo mmoja: watumiaji wa Gentoo, ile Linux isiyokuletea chakula kilichoiva bali inakuletea unga, kuni na sufuria, upike mwenyewe. Sikujua kama mpo wengi hivi huku kandokando ya ziwa. Nami ni wa ukoo huo, na mashine ninayoandikia hapa Kirumba inaunguruma tangu jana jioni. Ya nne ni ya mtoto, nayo ni fupi.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nimepanga chumba Buzuruga. Nina laptopu ya mtumba, kori mbili, RAM gigabaiti 4, betri haishiki chaji. Niliweka Gentoo likizo iliyopita na nimeipenda, ila kila likija toleo jipya la GCC, ile kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu, naumia. Inakula usiku mzima. Mara mbili umeme umekatika katikati nikaanza upya, na mara moja ilikufa yenyewe, ikaandika "Killed signal terminated program cc1plus". Rafiki yangu ameniambia nizime kila kitu kwenye kompaila, niandike sys-devel/gcc kisha `-*`, basi nimemaliza. Anasema kompyuta nzima itakuwa nyepesi. Ni kweli? Nizime nini, niache nini? Muhula huu tunasoma lugha ya C.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Rafiki yako amekupa kisu kabla hajakuonyesha samaki.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja hivi, mama mdogo alikuwa na meza ya samaki pale Mwaloni. Siku moja akanipa sangara mkubwa nimpasue. Nikampasua, nikakomba vyote vya ndani kwa mkono mmoja, nikavirushia makorongo wanaosimama pale na mashingo yao kama wazee wa baraza. Mama mdogo alipogeuka, korongo alikuwa anamalizia kumeza bondo, ule mfuko wa hewa wa sangara. Hakunichapa. Alikaa juu ya ndoo, akaniuliza kama najua kilo ya bondo inauzwaje na kilo ya minofu inauzwaje. Sikujua. Aliponiambia, niliwaangalia wale makorongo kama wezi.

Ndani ya GCC kuna utumbo na kuna bondo, na ukiandika `-*` unakomba vyote kwa mkono mmoja.

Anza kwa kuangalia. Andika `emerge -pv sys-devel/gcc` usome kwa utulivu orodha ya flagi, yaani swichi za kuwasha na kuzima vipande vya programu. Yenye alama ya kutoa mbele yake imeshazimwa. Iliyo ndani ya mabano imelazimishwa au imezuiwa na wasifu wa mfumo wako, usipoteze nguvu nayo. Wengi wakifika hapa wanagundua kwamba nusu ya walichotaka kukizima kimeshazimwa zamani: Ada, Go, D, Objective-C, zote kwa kawaida zimelala. GCC ilianza mwaka 1987 mikononi mwa Richard Stallman ikiwa kompaila ya C. Lugha nyingine zilikuja kupangishwa baadaye, kila moja na chumba chake, na Gentoo imekuwekea kitasa kwenye kila mlango.

Sasa, flagi hizo si za aina moja, na hapa ndipo rafiki yako alipoteleza.

Ziko zinazoongeza chombo: lugha ya Fortran, maktaba za kukagua makosa zinazoitwa sanitize, tafsiri za ujumbe zinazoitwa nls. Ukizima hizi, kazi ya kukompaili inapungua kweli, na diski inapata nafasi.

Halafu ziko zinazobadilisha tabia ya kompaila yenyewe. Hizi hazina uzito wowote wa kusema. Ukizizima huokoi hata muda wa kuchemsha chai. Lakini kila programu utakayoipika kuanzia siku hiyo itatoka na tabia hiyo mpya. Chukua `ssp`. Ikiwa imewashwa, kompaila inaweka namba ya siri kwa kila kazi (funksheni) yenye hatari, kwenye ile sehemu ya kumbukumbu iitwayo staki, karibu na anwani ya kurudia. Kazi ikiisha, kabla ya kurudi, programu inaitazama ile namba. Ikikuta imechafuliwa, ina maana kuna data iliyofurika hadi pale, pengine kwa bahati mbaya, pengine mtu anajaribu kuingia. Programu inajiua na kuandika "stack smashing detected". Ni mlinzi wa getini anayelipwa senti. `pie` naye kazi yake ni kuwezesha programu ipakiwe mahali tofauti kwenye kumbukumbu kila inapoanza, ili mvamizi asijue mlango uko wapi. Ukimfukuza mlinzi leo, kesho ukakompaili kivinjari, kivinjari hicho hakina mlinzi. Nawe hutaona tofauti yoyote kwenye kioo. Hilo ndilo bondo, na korongo ameshalimeza.

Kuna na kundi la tatu, `lto`, `pgo` na `graphite`, ambalo linaongeza mzigo badala ya kuupunguza. `pgo` kwa mfano inaitengeneza kompaila, inaifanyisha mazoezi, kisha inaitengeneza tena kwa kufuata ilichojifunza. Zimezimwa tayari. Kwa mashine yako ziache zilale.

Umeuliza kama kompyuta nzima itakuwa nyepesi. Hapana. GCC yenye Fortran na GCC isiyo na Fortran zinatoa programu ileile ya C. Kivinjari chako hakitafunguka haraka kwa sababu umeing'oa Fortran, kama vile daladala ya Igoma haiongezi mwendo kwa sababu gereji imeuza jeki. Unachookoa ni muda wa kukompaili GCC yenyewe, mara chache kwa mwaka, na megabaiti kadhaa.

Basi tuangalie moja moja kwa hali yako.

Fortran, zima, ila usiwe unatumia R, Octave au SciPy, zile programu za hesabu na takwimu. Lugha hiyo ilitoka IBM mwaka 1957, ina umri mkubwa kuliko Uhuru wetu, na bado hesabu nzito za dunia zinapita mgongoni mwake. Soma barua ya dada wa Nyegezi huko chini kabla hujabonyeza kitufe.

`nls`, zima kama unasoma makosa ya kompaila kwa Kiingereza, na bila shaka ndivyo unavyofanya. Faida yake ni ndogo, hasara yake kwako hakuna.

`openmp`, inayowezesha programu kutumia kori nyingi kwa pamoja, usiguse. Hapa nakusimulia aibu yangu. Miaka kadhaa nyuma niliamka na hasira za kupunguza, nikazima openmp pamoja na nyingine mbili, nikalala nikijiona bingwa. Asubuhi akaja mteja wa studio ya picha za pasipoti, mtu wa Mlango Mmoja, anataka kompyuta yake ipunguze ukubwa wa picha mia mbili kwa mkupuo. Nilikuwa nimemwahidi saa nne. Nikaagiza ImageMagick, ikaanza vizuri, ikasimama: "Your current compiler does not support OpenMP!" Na chini yake, kwa upole kabisa, ikanielekeza nirudi nikaijenge GCC upya nikiwa nimeiwasha. Yule bwana alikaa kwenye benchi langu hadi alasiri, anakunywa soda yangu. Openmp ni kitu kidogo sana ndani ya GCC. Kukizima kunaokoa dakika, kukikosa kunakula siku. Ningeweza kuizima kwenye ImageMagick peke yake nikaendelea, ndiyo, lakini siku hiyo kichwa hakikuwa changu.

`sanitize` ni nzito kuliko hizo zote ndogo, na kwa mtu mwingine ningesema izime bila kufikiri. Wewe unasoma C. Tuchukue programu ya kuhifadhi bei ya dagaa kwa siku saba. Unaandika `int bei[7];` halafu kitanzi chako kinasema `for (int i = 0; i <= 7; i++)`. Hiyo alama ya usawa imekupeleka kwenye sanduku la nane, ambalo si lako. Kwenye laptopu yako programu inaweza kuchapisha vizuri kabisa ukatamba darasani. Ukiifikisha kwenye mashine ya mwalimu, inaanguka. Sasa kompaili hivi: `gcc -g -fsanitize=address bei.c`, uiendeshe. Itasimama palepale, iandike stack-buffer-overflow na namba ya mstari ulipokosea. Ukiwa umeizima sanitize, amri hiyohiyo itagoma mwishoni wakati wa kuunganisha, ikisema haioni `-lasan`. Kwa hiyo iache mpaka mtihani upite. Hakuna mwalimu wa ziada atakayekufundisha C usiku wa manane bure kama huyo.

`cxx`, ambayo ni C++, hata kama kwako haiko ndani ya mabano, ichukulie kama iko. Tangu GCC 4.8 ya mwaka 2013, GCC yenyewe imeandikwa kwa C++. Ukiiondoa, kompaila yako haitaweza kujizaa tena.

Kwa hiyo kwenye faili la `/etc/portage/package.use/gcc` utaandika mstari mmoja tu:

`sys-devel/gcc -fortran -nls`

Umeona ulivyo mfupi? Najua ulitarajia orodha ndefu.

Na nikuambie ukweli: mstari huo hautakuponya. Ugonjwa wako uko kwingine, nawe umeuandika mwenyewe kwenye barua bila kujua. "Killed signal terminated program cc1plus" maana yake RAM imeisha, kerneli, moyo wa Linux, ikatafuta mlafi mkubwa ikamuua, na mlafi huyo alikuwa kompaila ya C++. Fungua `/etc/portage/make.conf` uangalie MAKEOPTS, mstari unaosema kazi ngapi ziende sambamba. Nina hakika umeandika `-j4`, kwa sababu prosesa yako inajionyesha kama ina kori nne. Kanuni ya mafundi wa Gentoo ni gigabaiti 2 za RAM kwa kila kazi inayokwenda sambamba. Una gigabaiti 4. Weka `-j2`, funga kivinjari, na kama bado inabanwa shuka hadi `-j1`. Inaonekana kama unapunguza mwendo, lakini RAM ikijaa mashine inaanza kuhamishia mizigo kwenye diski, na hapo hata kusogeza kishale unasubiri. Wapagazi wanne kwenye mlango mmoja mwembamba wanafanya kazi kidogo kuliko wawili. Angalia pia kama `/var/tmp/portage` umeiweka kwenye tmpfs, yaani folda inayokaa ndani ya RAM badala ya diski. Wenye RAM nyingi wanashauri hivyo; kwako ni kuweka karai la kufulia juu ya kitanda.

Jambo la pili, GCC haijiamini, na kwa haki. Kompaila ya zamani inatengeneza mpya. Hiyo mpya inajitengeneza tena yenyewe. Na huyo aliyetoka anajitengeneza mara ya tatu. Mwisho zao la mara ya pili na la mara ya tatu yanalinganishwa. Yakitofautiana, kazi inasimama. Ukizima Fortran hujapunguza mizunguko hiyo mitatu ya C na C++, na hiyo ndiyo inayokula usiku wako. GCC ina swichi ya `--disable-bootstrap` ya kuruka mizunguko. Mimi siigusi. Kompaila ndiyo inayotengeneza vyote vingine. Ikiwa na ufa, ufa unakwenda kila nyumba.

Hapa kwangu, kabla ya kupunguza, nilikuwa naianzisha saa mbili usiku na inamaliza baada ya adhana ya alfajiri. Baada ya kupunguza inamaliza kabla ya adhana. Baada ya kurekebisha MAKEOPTS, naikuta imemaliza nikiamka usiku kunywa maji. Uone mwenyewe tofauti imetoka wapi. Ukitaka kupima kwako, `qlop -tv gcc` inakupa kumbukumbu ya kila mara uliyoijenga.

Umeme. Ukikatika, usikimbilie `emerge` tena, maana itafuta kazi yote na kuanza mwanzo. Kama folda ya kazi ilikuwa kwenye diski, bado ipo. Kwanza nenda huko ufute mafaili yaliyoachwa matupu wakati mashine inazima: `find /var/tmp/portage/sys-devel -name '*.o' -size 0 -delete`. Kisha mwite `ebuild` moja kwa moja, ukitaja faili la toleo lako lililoko ndani ya `/var/db/repos/gentoo/sys-devel/gcc/`, na umalizie kwa neno `merge`. Itaruka hatua zilizokwisha na kuendelea pale make ilipoishia. Mara moja moja hugoma, kwa sababu faili jingine limeharibika bila kuwa tupu. Hapo anza upya, umlaani unayemjua.

Na kabla ya yote hayo, leo hii, kabla hujabadilisha hata herufi, endesha `quickpkg sys-devel/gcc`. Inakufungia kompaila uliyonayo sasa kwenye kifurushi. Ukiharibu, `emerge -K` ukitaja toleo hilo inakurudisha ulipokuwa kwa dakika chache bila kukompaili. Usiwe na haraka ya kufuta toleo la zamani pia. Matoleo makubwa ya GCC yanaweza kukaa pamoja, na `gcc-config -l` inakuonyesha yupi ameshika usukani.

SWALI: Mwanangu Fundi, mwangaluka. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Nansio, Ukerewe. Nimejifunza Gentoo uzeeni kwa ukaidi tu, vijana wananicheka. Shida yangu si muda, muda ninao. Shida ni bando. Nasikia siku hizi Gentoo inatoa vifurushi vilivyokompailiwa tayari, lakini kila nikiagiza GCC inashusha msimbo chanzo na kuanza kupika. Nakosea wapi? Nimezima fortran, nls, openmp na sanitize kama nilivyoelekezwa na kijana mmoja.

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na mwangaluka kwako pia.

Vifurushi vipo. Vilitangazwa tarehe 29 Desemba 2023 kwa mashine za amd64 na arm64, na hata LibreOffice utaipata imeiva. Kosa lako ni hizo flagi nne. Kifurushi cha tayari kimepikwa kwa flagi za kawaida za wasifu. Portage, meneja wa vifurushi wa Gentoo, inapokiangalia ikaona wewe hutaki fortran lakini chenyewe kina fortran, inasema hiki si ulichoagiza, inakiacha, inarudi kwenye msimbo chanzo. Ni kama kuagiza wali samaki bila chumvi kwa mama ntilie: vyakula vilivyo tayari kwenye sufuria havikufai tena, itabidi akupikie chako, na utasubiri.

Kwa hiyo kwako, kupunguza ndiko kunakokugharimu. Rudisha flagi zote kama zilivyokuwa, yaani ufute ule mstari wa GCC kwenye package.use. Kisha endesha `getuto` mara moja, upate funguo za kuhakiki saini za vifurushi. Halafu `emerge -pvg sys-devel/gcc`, usome mwanzo wa mstari. Ukianza na neno binary, kitashushwa tayari. Ukianza na ebuild, bado kuna flagi isiyolingana, itafute. Ukiridhika, rudia bila `p`. Kama mfumo wako ni wa zamani, hakikisha uko kwenye wasifu wa 23.0 ulioanza mwaka 2024, na kwamba ndani ya `/etc/portage/binrepos.conf/` kuna faili la kuelekeza vifurushi vinakotoka.

Na kwa vile vitu utakavyolazimika kupika mwenyewe: andika `emerge -fp` na jina la programu, itakuorodheshea anwani za mafaili bila kushusha chochote. Nakili kwenye flashi, mpe kijana anayevuka na meli kuja Mwanza, ayashushe kwenye intaneti ya mjini. Akirudi, yaweke ndani ya `/var/cache/distfiles`. Msimbo wa GCC peke yake unazidi megabaiti 80, na huo ni mmoja tu. Mwambie asiyabadilishe majina mafaili hayo, maana Portage inayatambua kwa jina kabla ya kuyapima.

Huyo kijana aliyekuelekeza kuzima, nadhani ni rafiki wa yule rafiki wa Buzuruga.

SWALI: Fundi, kwa nini inaitwa Gentoo? Mwanafunzi wa darasa la saba, Igoma.

JIBU: Gentoo ni aina ya penguini, ndege wa baridi asiyeruka lakini chini ya maji hakuna penguini anayemshinda mbio, anafika kilomita 36 kwa saa. Daniel Robbins aliyeianzisha alitaka Linux yenye mbio, na toleo la 1.0 likatoka mwaka 2002. Ukivuka kwenda kisiwa cha Saanane usimtafute, hayupo.

SWALI: Kaka Fundi, habari za kazi. Niko Nyegezi, nafanya utafiti wa uvuvi wa dagaa, takwimu zangu zote nazichakata kwa R. Kompyuta ya Gentoo niliachiwa na kaka yangu alipohamia Dodoma. Juzi nilijaribu kusasisha R ikakataa, ikaandika "Please install currently selected gcc version with USE=fortran". Nikaiwasha fortran kwa kuandika `USE="fortran"` mbele ya amri ya emerge ya R. Imekataa vilevile. Nina wiki moja ya kuwasilisha.

JIBU: Nzuri dada, pole na presha.

Umewasha taa ya chumba kingine. Ujumbe haukusema R iwashwe fortran, umesema GCC. R inamhitaji `gfortran`, ambaye ni sehemu ya GCC, na kaka yako alimtoa ili kuokoa muda. Simlaumu sana, kwa kazi zake pengine hakumhitaji. Kwa nini R inamtaka? Kwa sababu hesabu za matrisi zinapitia maktaba za BLAS na LAPACK, na LAPACK imeandikwa kwa Fortran. Kila unapochora ule mstari wa mwelekeo kwenye grafu ya dagaa wako, kuna msimbo wa Fortran unafanya kazi chini kwa chini.

Tafuta alikoandika. `grep -r fortran /etc/portage/` itakuonyesha faili na mstari. Inawezekana ni kwenye package.use, au ni `-fortran` ndani ya USE ya make.conf, akiwa ameizima kwa mfumo mzima. Futa neno hilo peke yake, usifute mstari mzima, kuna mengine pale anayajua yeye.

Kisha zingatia hilo neno "currently selected". Andika `gcc-config -l`. Kama kuna matoleo mawili, lenye nyota ndilo linaloendesha, na ndilo linalotakiwa kuwa na Fortran. Watu wanajenga lile jipya wakati nyota iko kwa la zamani, wanazunguka siku nzima. Ukishajua ni lipi, kwa kuwa una wiki moja na si mwezi, jaribu kwanza njia ya kifurushi cha tayari niliyomweleza Mwalimu wa Nansio hapo juu. Fortran iko kwenye flagi za kawaida, kwa hiyo kama kaka yako hakuchezea nyingine, kitakufaa, na utakuwa umemaliza kabla wali haujaiva. Kisipokufaa, `emerge -1 sys-devel/gcc` jioni, mashine kwenye chaji, mahali penye hewa, si juu ya godoro.

Asubuhi andika `gfortran --version`. Ikijibu kwa namba ileile ya GCC yenye nyota, agiza R tena, bila kuweka chochote mbele ya amri.